Ile filme haiko ya mashetani, na mwenye alilala usingizi ni juu yake

Bwana Muhariri, jambo sana na pole na kazi.

Nilisoma ile barua mulitosha juu ya filme Premier Contact, ile kwa Kiingereza inaitwa Arrival, na mwenye kuandika, kama nilimusikia muzuri, anailaumu mambo matatu: kwanza eti ni filme ya mashetani juu vile viumbe vya ndani viko na miguu saba, tena eti ni ya kulalisha usingizi juu haina vita, mutu anamaliza umeme yake kuangalia mwanamuke anaandika ku tablo, na mwisho eti haituhusu sisi watu wa Katanga, tuache wazungu na mambo yao ya anga. Ya mashetani naiacha, kila mutu na kanisa yake. Lakini ile ya tablo imenigusa fasi yenye kuuma, juu mimi kazi yangu ni ukalimani, natafsiri Kichina, Kifaransa na Kiswahili mu kampuni moja ya shaba na kobalti ku barabara ya kwenda Kolwezi, na naweza kuapa mbele yenu kama ile kipande ya tablo ndiyo kipande ya kweli kupita zote zenye nimeona mu sinema tangu nizaliwe.

Kwa wenye hawajaiona niseme kidogo, haraka haraka. Ilitoka mwaka 2016, mwenye kuitengeneza ni Denis Villeneuve, mutu wa Québec kule Canada, na ile majani yenye ukungu yenye wanasema ni Montana ya Marekani, kumbe waliipiga kwao palepale Québec. Ilitajwa mara 8 ku Oscar, ikashinda moja tu, ya sauti. Hadithi yenyewe ni hii: vyombo 12 vinashuka duniani, virefu, vyeusi, vinasimama hewani bila kugusa chini, kimoja Montana, kingine China, kingine Urusi, na Afrika vinakuja 2, Sierra Leone na Sudan (Kongo hapana, nazania hata wao walisikia habari ya barabara zetu). Hakuna anajua wanataka nini. Jeshi la Marekani linamutafuta mwalimu wa lugha, Louise Banks, mwenye kucheza ni Amy Adams, wanamuunganisha na mutu wa fizikia, Ian, na mukubwa wao ni kolonele Weber, huyu ni Forest Whitaker, yule yule alichezaka Idi Amin. Kila saa 18 mulango wa chombo unafunguka, wanapanda ndani wakibeba kitundu yenye kandege ya kupima hewa, mbele yao kuna sawa kioo kikubwa, nyuma ya kioo ukungu, na mu ukungu wale viumbe, wanaitwa heptapodi juu ya ile miguu 7. Hawasemi kama sisi, wananguruma, na wakiandika wanatosha wino ku muguu, inazunguka inakuwa mviringo, na mviringo moja ni sentensi nzima, haina mwanzo haina mwisho.

Sasa tuingie ku tablo. Kolonele amechoka, wakubwa wake wanamupigia simu, anamuuliza yule mama: mbona unawafundisha maneno ya watoto wa masomo ya kwanza, kula, kutembea, sisi tunataka kitu kimoja tu, watuambie walikuja kufanya nini hapa duniani. Yule mama anaenda ku tablo, anaandika ile swali, halafu anaanza kuikata vipande mbele ya macho yake. Lazima kwanza wajue swali ni nini, kama mutu anakutolea sauti na anangoja umurudishie kitu, labda kwao haiko. Lazima tutenganishe wewe mumoja na ninyi wote, juu hatutaki kujua huyu mumoja alifuata nini, tunataka kujua wote. Lazima tujue kama wao wanafanyaka kitu kwa kutaka ao wanafanya tu sawa vile nyuki. Na mwisho lazima tuwe na maneno yao ya kutosha, ili wakijibu tusikie jibu, hapana makelele. Kolonele ananyamaza. Kipande yenyewe ni kifupi, mutu akienda kuchukua maji ya kunywa inamupita, na mimi pale nilisimamisha filme, nikarudisha nyuma, nikaangalia tena.

Juu ku kazi yetu hakuna mutu anakupa ile tablo. Ku kazi wanakuambia wewe uliza tu. Uliza tu! Siku moja tulienda mu mugini moja, kampuni ilitaka kupitisha barabara ya makamyo karibu na makaburi, shefu wa mugini akasimama, akaanza na babu yake, akapanda kwa baba ya babu yake, akasema nani alizikwa pale na nani alipanda ile muti munaiona, akaongea muda murefu sana, kumaliza akasema tumesikia, akakaa. Mukubwa wangu akaniinamia akaniuliza kwa Kichina, amekubali? Nikamwambia hapana, amesema amesikia. Akasema, sasa mutu kusikia na kukaa bila kubisha, kama si kukubali ni nini? Nikamwambia muzee amesikia, ni ile tu, kukubali kunaweza kuja siku ingine, labda kutakuja na mbuzi na masanduku ya bia, labda hakutakuja kabisa. Akaandika mu rapoti yake wamekubali. Nyuma mashini za kampuni zikafika, wamama wakakaa chini katikati ya barabara na watoto mugongoni, kazi ikasimama, na hapo ndipo wakakumbuka kama kuna mukalimani. Turudi sasa kwa shefu tukaanze na babu yake.

Sisemi yule Muchina ni mutu mubaya. Kwao muda ni feza, na wakubwa wake wa kule kwao nao walikuwa ku simu. Ni kolonele Weber paka yeye. Ndiyo maana nasema hii filme haikuandikwa na mutu wa kubahatisha, na kweli niliposoma nikakuta walikuwa wamemuita mwalimu wa lugha wa kweli awaongoze, mama Jessica Coon wa chuo kikuu cha McGill, Montréal, mwenye kazi yake ni lugha za Wamaya kule Mexico. Mutu mwenye alishakaa chini na wazee wa mugini anaandika maneno yao moja moja, anajua kama haufikie ku swali kubwa bila kupitia kula na kutembea.

Kuna pahali Louise anamupigia kolonele hadithi ya kanguru, eti wazungu wa kwanza kufika Australia waliuliza huyu munyama anaitwa nani, wakajibiwa kanguru, kumbe maana yake ilikuwa sielewi munasema nini. Kolonele anaridhika, anaenda zake. Ian anamusifu yule mama, na mama anamwambia, bongo ile, uongo tu, haikutokeaka, lakini imefanya kazi. Nilicheka paka machozi, juu sisi wote wa ile kazi tuko na hadithi yetu moja ya bongo ya kunyamazisha wakubwa. Yangu siisemi hapa, mukubwa wangu ana watu wanamusomea gazeti.

Na Wachina wako ndani ya filme pia. Wao walichagua kuzungumza na viumbe wa chombo chao kwa mchezo wa majongi, ile ya vipande vya kupanga ku meza, vijana wa kambi yetu ya kazi wanaicheza usiku kucha na kelele yake inafika paka ku vitanda vyetu. Louise akisikia hivyo anaogopa, na iko na haki: ukimufundisha mutu kuongea kwa njia ya mchezo, kila kitu utamuambia kitakuwa cha kushinda na kushindwa, mutu wa tatu hana fasi. Ndiyo vile wale viumbe wanaandika mviringo mumoja na watu wanausoma silaha, na nchi zote zinaruka ku bunduki bila kuuliza kama ile mviringo haiwezi kuwa pia kifaa, kitu cha kazi, kitu cha kupewa. Hapa tu niko na ugomvi na filme. Mbona lazima Muchina ndiye akasirike wa kwanza? Mimi naishi nao. Wanakasirikaka juu ya hesabu ya mafuta ya makamyo, juu ya nyota sijawahi kuona Muchina anapandisha sauti.

Sasa eti hakuna vita. Ndugu yangu, vita iko pale, iko ku vioo vya televizyo. Mwanzoni zile nchi zenye vyombo zinaongea zote pamoja, kila moja iko na kioo chake ku ukuta wa kambi, Louise akigundua neno moja anawapa wengine, wengine wanamupa yao. Kisha ile neno ya silaha kioo kimoja kinazimika. Halafu kingine. Halafu vyote. Kila mutu amebaki na kipande chake, na kumbe ndiyo shida yenyewe, juu wale viumbe walikuwa wamegawanya habari yao mu vipande 12, kila chombo kilipewa kimoja, bila kuunganisha hakuna mwenye ataelewa kitu. Askari wengine wa palepale ku kambi wanaficha bomu mu chombo, na kiumbe kimoja kinakufa katika kuwasukuma wale wenye kuwafundisha watoke wapone. Kama ndugu yangu alitaka milio ya risasi, kweli hapo atakosa, lakini sisi watu wa hii nchi ndio wa kuambiwa kama vita inaanza na risasi? Inaanza siku watu wanakata simu.

Kuna simu moja mu filme, na ile ndiyo ilituletea matata mu lupango. Tuliiangalia kwetu Lubumbashi, komini yenye kuitwa Kenya, ku ukuta, na projektere ya kuazima, kopi ya Kifaransa, na mimi nilikuwa natafsiri kwa Kiswahili kwa sauti juu wazee hawafuate Kifaransa ya haraka. Basi Louise anaiba simu, anamupigia jenerali Shang wa China mwenye yuko tayari kupiga, na anamuambia kwa Kichina maneno yenye muke wake alimuambia akiwa anakufa. Na filme haiandiki chini maana yake. Lupango nzima ikanigeukia, alisema nini, alisema nini, mutu wa Kichina ni wewe. Ile matamshi ya Amy Adams haiko ya Beijing hata kidogo, ilinilazimu nirudishe, lakini ni maneno juu ya vita na wajane wenye inaacha nyuma. Kusema vile, mama mumoja jirani, mutu wa Kivu mwenye alikimbilia huku kwa dada yake, akasema, aah, sasa si angeanza na hiyo tangu mwanzo, filme ingeisha mapema tukaenda kulala. Watu wakacheka, naye akacheka, halafu hakuna mwenye alisema kitu muda kidogo.

Na ile ya kusema haituhusu ndiyo imenishangaza kupita, juu ni mutu wa Katanga anaiandika. Sisi hii filme tulishaionaka kwa macho kabla ya sinema kufika. Bunkeya, Desemba 1891. Msiri yuko kwake, mufalme wa Bayeke, na wageni wanatokea, kapiteni Stairs, yeye pia mutu wa Canada (sijui Canada iko na nini na hii hadithi), ametumwa na Leopold II, na nyuma yake mamia ya wapagazi wa kutoka pwani ya Zanzibar. Kwa hiyo lugha ilikuwepo! Kiswahili kilikuwepo, wakalimani walikuwepo, hapana sawa ile ya heptapodi yenye mutu anaanza na sifuri. Kilichokosa ni muda. Stairs alitaka jibu moja tu, bendera unaikubali ao hapana, na Msiri alivuta maneno vile mufalme anavutaka, leo hivi, kesho vile, ngoja niongee na wazee wangu. Siku chache tu kisha wao kufika, tarehe 20 Desemba 1891, kapiteni Bodson, mutu wa Stairs, akamupiga risasi, na Bodson naye akauliwa palepale. Bendera ikapanda. Nikiangalia wale askari wanaficha bomu mu chombo nilikuwa naona Bunkeya, na siamini niko peke yangu.

Lakini kuna upande mwingine wenye unanifurahisha na sitaki niuache. Union Minière, kampuni ya shaba, ilianza 1906, Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, 1910, na watu wa kazi walitoka wapi? Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, na nyuma Rwanda na Burundi. Mu kambi moja Muluba wa Kasai analala ukuta kwa ukuta na Mubemba na Munyarwanda, hakuna mwenye anaelewa mwenzake, na hakuna mama Louise mwenye alishushwa na helikopta kuja kuwafundisha. Kapita anapiga kelele, mutu anaonyesha kidole, mwingine anaonyesha sufuria, wanauziana samaki, wanaoana, wanapigana, na watoto wao wanakua wanatukanana mu barabara kwa Kiswahili kimoja, hii hii yenye watu wa Dar es Salaam wakituona wanatabasamu. Watabasamu tu. Nataka waniambie muji mwingine wenye ulitengeneza lugha yake ku mulango wa mina.

Tena kama mutu anazania kusalimia viumbe wa anga ni mambo ya sinema tu, achunguze Voyager. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha vyombo viwili, kila kimoja na sahani ya muziki ya shaba (ndiyo, shaba) yenye kupakwa zahabu, ndani waliweka picha, muziki na salamu mu lugha 55. Nilitafuta Kiswahili, hakimo. Kiganda kimo, Kinyanja kimo, hata Kiila cha hapa Zambia jirani kimo, Kiswahili hapana, na hii iliniuma kidogo. Lakini mu muziki, pamoja na Bach na Beethoven, kuna wimbo wa wasichana Wambuti wa pori la Ituri, wakati ule nchi ikiitwa Zaïre, haufiki hata dakika nzima. Voyager 1 leo iko mbali kupita kilometa bilioni 24, imeshatoka mu eneo ya upepo wa jua, hakuna kitu kingine cha mukono wa mutu kimefika mbali vile. Sauti ya watoto wa Kongo iko kule, na hapa Ituri yenyewe watu wanalala porini juu ya kukimbia wenye bunduki. Ndugu yangu anasema mambo ya anga ni ya wazungu.

Niseme pia yenye sikubali, musifikiri nimelewa na hii filme. Inasema kama Louise akijifunza ile maandishi ya mviringo ubongo wake unabadilika, anaanza kuona mambo ya mbele sawa vile sisi tunakumbuka ya nyuma. Hii inatoka kwa fikra ya Sapir na Whorf, kama lugha inaongoza mawazo ya mutu, na wenye elimu ya lugha leo wengi wanaikubali kidogo tu, hapana kufikia pale. Ku Kilingala lobi ni jana na lobi ni kesho, neno moja, na sijaona mutu wa Kinshasa mwenye anajua mushahara itatoka lini. Mimi nimekula Kichina miaka mingi na kitu nimepata ni kujua kula na vijiti. Lakini ni filme, tuipe ruhusa yake, juu bila ile ruhusa tungekosa mambo ya mutoto.

Na hapa niwaombe wenye hawajaiangalia waruke huu mustari. Tangu mwanzo tunaona Louise na binti yake Hannah, mutoto anakua, anacheza, anagonjwa na ugonjwa wenye hauna dawa, anakufa akiwa kijana, na sisi tunazania ni mambo ya zamani, mama wa watu analia mutoto wake. Kumbe bado. Mutoto hajazaliwa, baba yake ni Ian mwenye wako naye pale ku kambi, na Louise ameona yote, paka kitanda cha hospitali, na Ian akimuuliza kama wazae, anasema ndiyo. Hadithi ya kitabu yenye walitoa filme ni ya Ted Chiang, 1998, na mule binti anakufa kwa ajali ya kupanda mulima akiwa na miaka 25. Filme waligeuza wakaweka ugonjwa, na naona walifanya vizuri kabisa, juu ajali mutu atasema mbona hukumukataza kupanda, lakini ugonjwa wenye hauna dawa utamukataza nani?

Mu lupango kelele ilianzia hapo, na ilipita saa sita ya usiku. Juu hii kitu sisi tunaijua, haihitaji kiumbe wa miguu saba. Wangapi mu huu muji wanaenda kupima damu kabla ya ndoa, elektroforezi, ile ya kutafuta ugonjwa wa selimundu, pasta mwenyewe anaomba karatasi, na karatasi inarudi na AS, ni kusema anaubeba bila kugonjwa, kwa kijana na AS kwa binti? Unajua mbele. Kila mimba ni nafasi moja mu nne mutoto atoke SS, mugonjwa kabisa, na mutoto wa SS wengi wetu tumekaaka naye usiku akilia mifupa, tumetafutaka damu ya kumuongezea tukizunguka hospitali kwa hospitali. Mama mukwe wangu akasema yule Louise ni mwanamuke mubaya, mutu hawezi kumuita mutoto aje ateseke na unajua. Mama mwingine, mwenye alizika wake wa SS, akamujibu taratibu, mama, mimi ningemuzaa tena, alikuwa anaimbaka vizuri. Mama mukwe hakugeuza mawazo, na yule mwingine pia hapana, na mimi sikutafsiri kitu tena juu wote wawili walikuwa wanasema Kiswahili.

Yangu mimi iko kwa Ian. Watu wote wanalilia Louise, hakuna mwenye anamulilia ule mwanaume. Yeye hakuona mbele, alikubali kuzaa sawa vile baba yeyote anakubali, na akiambiwa mutoto keshazaliwa na anacheza uwanjani. Anaenda zake, na mutoto anauliza mbona baba ananiangalia tofauti. Louise, mwenye kazi yake yote ni kupeleka maneno yafike kwa mwenzake, ile moja aliiweka mufukoni. Filme haimuhukumu, mimi namuhukumu kidogo. Lakini ndiyo vile naipendea pia, juu haikunipa mutu wa kuabudu.

Bwana Muhariri, kuna kitu kimoja nafikiri kinaeleza ile barua yote. Mu soko kuna kopi inauzwa mu flashi, na sauti ya kijana mumoja anatafsiri kwa Kiswahili juu ya ile Kifaransa. Niliinunua nione mwenzangu anafanya namna gani. Ni kijana wa kuchekesha, ku mwanzo niko namusifu, lakini akifika ku tablo anasema, hapa wanaongea tu, tusonge mbele, na anasogeza! Majongi pia amesogeza. Simu ya Shang anasema, mama anamutukana Muchina. Na ile mwisho ya mutoto anasema, huyu ni muke wa pili wa Ian. Nazania ndugu yangu aliangalia hiyo, na kama ni hiyo, hata mimi ningelala.

Kwa hiyo nawaomba mumufikishie habari kama munamujua. Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, kisha kanisa ya vijana tutairudilia mu lupango, umeme ikiwepo, na nitatafsiri yote bila kusogeza, tablo mara mbili kama watu wanataka. Aje na muke wake. Feza hatuombi, kiti tu aje nacho, juu mara ya kwanza watu walikaa ku matofali.

Aksanti.

Musomaji wenu, mukalimani,
komini ya Kenya, Lubumbashi